Kubwa Kichwani, Ndogo Vidoleni

Amri ni ya zamani na bado inasikika katika madarasa mengi: "Teremsha mikono, tumia akili!" Mtoto wa miaka sita aliyekuwa akiendelea vizuri na vidole vyake anavificha chini ya dawati, na tangu siku hiyo anahesabu kwa kuibia. Mimi nina upande wangu katika jambo hili na sitauficha: amri hiyo inatuharibia watoto. Lakini wanaoitoa ni walimu wanaoijua kazi yao, na sababu zao zina uzito, kwa hiyo ni haki wasikilizwe.

Sauti zilizomo humu nimezipanga mwenyewe kutokana na hoja zinazorudiwa kila walimu na wazazi wanapokaa pamoja. Tuwaweke katika ofisi ya walimu ya shule moja ya msingi wilayani Korogwe, mchana, watoto wa awali wameshatoka. Yupo mwalimu wa hesabu wa darasa la tano, mwalimu wa awali, mama mzazi anayeuza nyanya sokoni, na mama mkwe wake, bibi wa Kishambaa kutoka milima ya Lushoto, aliyekuja kumchukua mjukuu akaombwa akae kidogo. Shikamoo zimekwisha kutolewa na kuitikiwa, chai imemiminwa.

MWALIMU WA HESABU: Naomba nianze mimi, maana wakishafika darasa la tano wote wanakuja kwangu. Naandika ubaoni 56 jumlisha 38. Wapo wanaomaliza kabla sijageuka. Wapo wengine, ukipita kati ya madawati, unakuta pembeni mwa daftari pamejaa vijiti. Kachora vijiti hamsini na sita, kachora tena thelathini na nane, sasa anavihesabu kimoja kimoja kwa ncha ya penseli. Akifika sabini akapotea, anaanza upya. Swali moja limemla robo saa, na mtihani haumsubiri mtu. Ukimuuliza alianzaje, anakwambia alianza na vidole. Namba zilipozidi kumi vidole vikamwishia, akahamia kwenye vijiti. Ndiyo maana nasema tusiwazoeshe. Alichozoea mtoto akiwa na miaka mitano ni taabu kumwachisha akiwa na kumi na mmoja.

MWALIMU WA AWALI: Mwalimu, mtoto huyo namfahamu, amepita mikononi mwangu. Vidole havikumharibu. Aliachiwa vidole bila kufundishwa. Alionyeshwa moja, mbili, tatu, basi. Hakuna aliyempeleka hatua inayofuata. Darasa la pili akakatazwa, akavificha. Na mtoto akishaficha mikono, mwalimu huoni tena anakosea wapi. Kwa hiyo amefika kwako na ujuzi uleule wa awali.

MZAZI: Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilichapwa rula juu ya vidole kwa sababu nilihesabu kwa vidole. Hesabu nikaichukia mpaka namaliza la saba. Lakini leo njooni sokoni mnione. Fungu la nyanya ni tano, nne chini, moja juu. Mteja akitaka mafungu manne, siwezi kukaa nahesabu nyanya ishirini, najua tu. Akinipa noti ya elfu kumi, chenji yake iko tayari kabla hajafunga mfuko. Sasa mniambie, akili hiyo niliipata wapi, kama shuleni waliniambia sina?

MWALIMU WA HESABU: Mama, pole. Rula siitetei, kosa la kumchapa mtoto ni la aliyemchapa. Lakini sokoni nyanya unaziona. Mimi natakiwa nimpeleke mtoto kwenye namba zisizo na nyanya. Sehemu, desimali, asilimia. Huko vidole havifiki.

MWALIMU WA AWALI: Havifiki, kweli. Ila njia ya kwenda huko inapitia vidoleni, na ina hatua. Nikuonyeshe?

MWALIMU WA HESABU: Nionyeshe.

MWALIMU WA AWALI: Chukua nne jumlisha tatu. Mtoto mchanga wa hesabu anainua vidole vinne akivitaja, anainua vitatu akivitaja, kisha anarudi mwanzo na kuvihesabu vyote mpaka saba. Amefanya kazi mara tatu. Lakini hapo anajifunza jambo kubwa, kwamba namba anayomalizia ndiyo idadi ya vyote. Usidhani kila mtoto analijua hilo. Wapo wanaoimba moja mpaka ishirini bila kukosea, ukiwauliza "kwa hiyo ni vingapi?" wanaanza kuimba tena. Huyo bado hajahesabu, ameimba.

Akishaelewa hapo, namfunika ule mkono wenye vidole vinne kwa kiganja changu. "Hapa chini pana vingapi?" Nne. "Unavijua, usivirudie. Anzia hapo." Anasema nne, halafu kwenye mkono mwingine: tano, sita, saba. Siku atakayofanya hivyo bila mimi kumfunika mkono, ameshavuka mto.

Kisha nampa mbili jumlisha saba. Atang'ang'ania kuanza na mbili kwa sababu ndiyo iliyoandikwa mwanzo. Namwambia wimbo wetu wa darasani, ambao hata wewe umewahi kuusikia: kubwa kichwani, ndogo vidoleni. Saba anaiweka kichwani, mbili mkononi. Nane, tisa. Na hapo ndipo vidole vinapoacha kuisha, Mwalimu. Nane jumlisha sita inazidi kumi, lakini inahitaji vidole sita tu. Hata hamsini na sita jumlisha tatu inahitaji vidole vitatu. Yule wa vijiti hakufika hapa.

MWALIMU WA HESABU: Wimbo naujua. Lakini nao una kasoro yake. Wapo ninaowapa sita jumlisha tatu wananiletea nane. Saba jumlisha nne, kumi. Kila jibu pungufu ya moja, daftari zima. Nilikuwa nachukulia ni uzembe.

MWALIMU WA AWALI: Si uzembe. Muombe ainue mikono uone. Utamkuta anainua kidole cha kwanza akisema "sita", cha pili "saba", cha tatu "nane". Ameihesabu sita mara mbili, iko kichwani na iko kidoleni. Mwambie: sita imeshalala kichwani, kidole cha kwanza kinaitwa saba. Kwenye kutoa ni vilevile. Nane toa tatu, anakunja kidole akisema "nane", "saba", "sita", anakuandikia sita. Kosa hilo linarekebishwa kwa dakika tano, mradi mikono iwe juu ya meza.

Hapa mwandishi naingilia. Nimeandika juu ya elimu ya watoto kwa muda, na katika hoja zote za kutetea vidole hii ndiyo inayonishika zaidi: mkono ni mawazo ya mtoto yanayoonekana. Mtoto wa miaka sita hawezi kukueleza kwa maneno anavyofikiri. Ukimuuliza "umepataje nane?" atakutazama tu. Vidole vyake vinakueleza. Mwalimu anayeviondoa machoni pake amejinyima kipimo ambacho hakuna mtihani wa kuandika utakaompa.

MWALIMU WA HESABU: Sawa, hilo nimelipokea. Lakini bado ni moja, moja, moja. Mimi nataka mtoto aione saba kwa mkupuo.

MWALIMU WA AWALI: Na mimi ndicho ninachotaka. Ndiyo maana kuna mchezo wa kuonyesha na kuficha. Nanyoosha mkono mzima na vidole viwili vya mkono wa pili, nahesabu moyoni mpaka mbili, naficha. "Ngapi?" Siku za mwanzo wanalalamika hawapati muda wa kuhesabu. Baada ya wiki chache wanapiga kelele "saba!" kabla sijaficha, kwa sababu hawahesabu tena: wameona mkono na viwili.

BIBI: Mwanangu, hiyo saba yako mbona sivyo tulivyokuwa tukionyesha sisi?

MWALIMU WA AWALI: Mlionyeshaje, bibi?

BIBI: Sita ni hivi. (Ananyoosha vidole vitatu mkono huu, vitatu mkono huu.) Saba ni vinne huku, vitatu huku. Nane ni vinne na vinne. Wazee wetu walionyesha hivyo. Mtu yuko upande wa pili wa bonde, humsikii, lakini mikono unaiona.

MWALIMU WA HESABU: Bibi, hebu rudia sita.

BIBI: Tatu na tatu.

MWALIMU WA HESABU: Na nane?

BIBI: Nne na nne. Si umeona?

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hiki alichokionyesha bibi ni hazina. Namna hiyo ya Washambaa imeandikwa na wataalamu wa hesabu za Kiafrika, akiwamo Paulus Gerdes, aliyefundisha miaka mingi Msumbiji, na kabla yake Claudia Zaslavsky wa Marekani alikuwa amekusanya ishara za vidole za makabila mengi ya bara hili katika kitabu chake Africa Counts cha mwaka 1973. Si watu wote wanaogawa namba kwa mtindo mmoja. Wamakonde na Wamakua huijenga sita kama tano na moja, saba kama tano na mbili, sawa na saba ya mwalimu wa awali. Washambaa kwa vidole huigawa sita katikati. Mtoto aliyeshika zote mbili ana njia mbili za kuivunja namba: sita ni tano na moja, na sita ni tatu mara mbili. Nane ni tano na tatu, na nane ni nne mara mbili. Saba ya bibi, vinne na vitatu, ni sita iliyoongezwa moja. Kuvunja na kuunga namba ndiko hesabu ya kichwani kwenyewe. Anayejua kwamba nane inahitaji mbili kufika kumi, na kwamba tano ni mbili na tatu, atakwambia nane jumlisha tano ni kumi na tatu bila kuinua kidole. Mzee wa milimani Usambara, ambaye huenda hakuwahi kukanyaga shule, alikuwa na zana hiyo mikononi, na sisi tumeiacha nje ya darasa.

MWALIMU WA HESABU: Nakubali nimefunzwa. Nami niseme ukweli wa upande wangu: hata mimi nina kimoja ninachofundisha kwa vidole, tebo ya tisa. Weka mikono miwili mbele yako, viganja vikikutazama. Unataka nne mara tisa, kunja kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto kwake vimebaki vitatu, kulia sita. Thelathini na sita. Wanakipenda sana. Lakini kwangu kile ni chambo, kisha nawauliza kwa nini kinafanya kazi, na hapo ndipo somo linapoanza.

BIBI: Na mimi kila baada ya sala nahesabu vidoleni. Tasbihi ya shanga ninayo, lakini vidole sivisahau nyumbani. Kila kidole pingili tatu, gumba nalihesabu na shina lake. Nikiuzunguka mkono wa kulia mara mbili ni thelathini, naongeza kidole kimoja, thelathini na tatu.

MWALIMU WA HESABU: Tano mara tatu, mara mbili, ongeza tatu. Bibi anazidisha kila siku.

MZAZI: Sasa niulize mimi nisiyesoma sana. Kama ni vizuri hivyo, kwa nini walimu wengi wanakataza? Wote hawajui?

Mama anastahili jibu la kweli, na jibu lina pande mbili. Mwaka 2008 Nancy Jordan wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliowafuata watoto kuanzia chekechea mpaka mwisho wa darasa la pili. Chekechea, waliotumia vidole zaidi ndio waliopata majibu sahihi zaidi. Kadiri miaka ilivyokwenda uhusiano huo ukafifia, na kufikia mwisho wa darasa la pili ulikuwa umegeuka: waliokuwa bado wakitegemea sana vidole ndio walioelekea kuwa nyuma kidogo. Mwalimu wa darasa la tano anaona mwisho wa safari hiyo, mwalimu wa awali anaona mwanzo wake, na kila mmoja anasema kweli kuhusu watoto walio mbele yake. Kosa linakuja pale yule anayeona mwisho anapotaka amri yake ishuke mpaka mwanzo.

Je, ni vidole vilivyowasaidia wale wadogo, au ni kwamba watoto werevu ndio wanaovigundua? Swali hilo lilibaki wazi kwa muda. Mwaka 2024 timu ya Catherine Thevenot wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, ilichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watoto 328 wa chekechea, wenye miaka 5 na 6. Waliokuwa hawatumii vidole walifundishwa na walimu wao kujumlisha kwa vidole. Majibu yao sahihi yalipanda kutoka asilimia 37 hivi hadi 77. Wenzao ambao nao hawakutumia vidole, na hawakupewa mafunzo hayo, walipanda kidogo tu, kutoka asilimia 40 hadi 48. Kwangu mimi hilo linamaliza ubishi kuhusu watoto wa umri huo. Kuruhusu tu hakutoshi, kwa sababu mtoto ambaye hakugundua njia mwenyewe ataendelea kukaa bila njia. Inabidi afundishwe, kama anavyofundishwa kushika penseli.

MWALIMU WA HESABU: Na mtoto asiyeona? Na yule wa darasa la nne ambaye mkono mmoja una vidole viwili? Tusijenge somo zima juu ya kitu ambacho si wote wanacho.

MWALIMU WA AWALI: Hiyo ni kweli, na huwa inaniuma. Kwa huyo natumia vihesabio: vizibo vya soda, mbegu, vijiti, vitano vitano kwenye kamba. Mkono wake naweza kumtengenezea mwingine.

Nyongeza yangu ni fupi. Virginie Crollen na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2011, waliwaangalia watoto wasioona na kukuta kwamba hutumia vidole mara chache kuliko wanaoona, na bado hawako nyuma yao katika kuhesabu. Kwa hiyo vidole ni njia bora kwa wengi, si mlango wa pekee. Mwalimu wa hesabu amefanya vema kulisema.

MZAZI: Lakini vizibo na mbegu si kila shule inavyo.

MWALIMU WA AWALI: Ndipo hapo, mama. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na kila semina tunahimizwa zana. Mwaka 2016 elimu bila malipo ikaanza, watoto wakajaa, jambo la heri. Lakini kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na kwa awali 25, na wewe umeliona darasa langu, wengine wamekaa sakafuni. Nikigawa vizibo, nusu saa ya kwanza ni ya kugombea na nusu ya pili ni ya kuvitafuta chini ya madawati. Vidole kila mtoto amekuja navyo. Nikisema "nionyesheni sita", kwa jicho moja naona darasa zima nani kaelewa.

MWALIMU WA HESABU: Mpaka lini, basi? Nipe mwisho wake.

MWALIMU WA AWALI: Tarehe sina. Nina dalili. Mtoto akianza kuvigusa tu mezani badala ya kuvinyoosha, yuko njiani. Akianza kutingisha kichwa mara tatu badala ya kuinua vitatu, amefika. Sijawahi kumwona mtoto anayejua nane na mbili ni kumi akahangaika kuinua vidole ili kuhakikisha. Vinaachwa vyenyewe, kwa kuwa kichwa kina haraka kuliko mkono. Asiyeviacha mpaka darasa la tatu, usimkataze: mrudishe hatua moja, umwonyeshe nne na nne za bibi, umwonyeshe kumi inavyokamilika.

MWALIMU WA HESABU: Hapo tumekubaliana nusu. Mimi bado nitaweka muda. Darasa la tatu, muhula wa pili, nataka jumla zote za ndani ya ishirini ziwe kichwani. Asiye nazo nitamfundisha tena mimi mwenyewe, mikono ikiwa mezani. Lakini muda nitauweka, kwa sababu asipowekewa na mimi atawekewa na mtihani.

MZAZI: Na mimi nyumbani nifanye nini? Madaftari yao siyaelewi.

MWALIMU WA AWALI: Daftari liache. Akikuletea nyanya, mwambie zikamilike kumi. Zipo saba, zimebaki ngapi? Akiinua vidole, mwache. Akikosea, muombe akuonyeshe tena polepole. Na bibi amfundishe zile zake.

BIBI: Nitamfundisha. Ila kwa mkono wa kulia kwanza. Kumwonyesha mkubwa namba kwa mkono wa kushoto si adabu.

Muda aliouweka mwalimu wa hesabu naukubali, na naukubali zaidi kwa sababu ameahidi kufundisha atakapoufikia, si kuadhibu. Kwa awali na darasa la kwanza msimamo wangu haubadiliki: vidole vifundishwe waziwazi, kwa hatua, kila siku, katika kila shule. Kukataza mikono katika umri huo ni kumnyang'anya mtoto maskini zana pekee aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na rula juu ya vidole haina nafasi katika umri wowote.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji fedha wala waraka kutoka wizarani. Walimu wakuu, kabla muhula haujaanza, wakalisheni pamoja mwalimu wa awali, wa darasa la kwanza, la pili na la tatu kwa saa moja. Waonyeshane wanavyohesabu kwa vidole, wakubaliane mtoto anaanzia mkono gani, sita na nane zinaonyeshwaje, na nani anampeleka hatua ipi. Mkipata mzee wa kijijini anayekumbuka ishara za kwao, mwalikeni naye.